UDONGO WA BARA KATIKA BAHARI YA MALINDI

Mtu akisimama katika mwezi wa Desemba juu ya rasi ile penye Nguzo ya Vasco da Gama, akaelekeza uso wake kaskazini, aghalabu ataona jambo ambalo wageni hulistaajabia na wenyeji wamekwisha kulizoea. Bahari ina rangi mbili. Upande wa kusini, kuelekea Casuarina na Watamu, maji ni ya samawati na kijani, na mahali pengine mwamba huonekana chini yake. Upande wa kaskazini maji ni mekundu kama chai iliyokolea, na kati ya rangi hizo mbili upo mstari, kana kwamba mtu amepima mpaka wa shamba. Siku nyingine mstari huo uko mbali, karibu na Mambrui. Siku nyingine umefika chini ya rasi yenyewe, na mvuvi anayerudi na malema matupu hana haja ya kuulizwa sababu.

Katika somo hili tutaeleza maji hayo mekundu yatoka wapi, kwa nini huenda huku na huku, na jinsi yalivyozidi katika muda wa miaka mia moja na zaidi iliyopita. Jibu la swali la kwanza hulijua kila mtoto wa Malindi: yatoka Mto Sabaki. Lakini jibu hilo ni nusu tu ya jibu, kwa maana mto hauzai udongo. Mto huuchukua udongo katika mashamba na malisho ya watu.

Pepo mbili na mvua mbili

Yafaa tuanze na pepo, kwa kuwa ndizo zinazotawala mambo yote ya pwani hii. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti jua huwa upande wa kaskazini wa dunia, na bara la Asia hupata joto jingi. Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda juu. Hewa nzito yenye ubaridi hutoka bahari ya kusini kuja kushika mahali pake. Hiyo ndiyo kusi. Ifikapo Desemba mambo hugeuka: Asia imepoa, jua liko kusini ya ikweta, na hewa huteremka kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi. Kati ya hizo mbili huwa na maleleji, wakati upepo hauna nguvu wala hauna upande maalum, na manahodha wa zamani walikaa bandarini wakikalafati vyombo vyao na kungoja.

Nguvu ya pepo hizo yaonekana wazi katika habari za huyo Vasco da Gama mwenyewe. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ilipokuwa inaanza, pamoja na rubani aliyepewa na Sultani wa Malindi, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu ya Calicut. Safari hiyo haikutimiza hata siku thelathini. Wakati wa kurudi hakusubiri msimu wake. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mapema mwezi wa Oktoba, kabla kaskazi haijasimama, akasumbuliwa baharini kwa muda wa miezi mitatu, na watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Alifika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Bahari ni ile ile na merikebu ni zile zile. Tofauti ilikuwa upepo.

Mvua nazo hutufikia hasa wakati pepo hizo zinapobadilishana. Masika huja tangu mwisho wa Machi hata Juni, na huku pwani mwezi wa Mei ndio huwa na mvua nyingi kupita yote. Vuli huja tangu Oktoba hata Desemba. Vuli ni mvua isiyotegemeka: mwaka mmoja hunyesha kidogo tu na mahindi yakanyauka yangali machanga, na mwaka mwingine hufungulia mbingu. Watu wazima hawajasahau vuli ya mwaka 1997. Wazee husimulia ile ya mwaka 1961, na vijana nao wameona zile za 2019 na 2023.

Miaka hiyo haikutukia kwa bahati tu. Desturi ya Bahari Hindi ni kwamba maji yake ya upande wa mashariki, karibu na Sumatra, huwa na joto kupita yetu. Miaka mingine jambo hili hupinduka: bahari ya Sumatra hupoa na bahari ya Afrika Mashariki hupata joto lisilo la kawaida. Hewa iliyo juu ya maji ya joto hushiba unyevu, nao huja kumwagika juu ya nchi yetu. Wataalamu waliieleza hali hiyo vizuri mwaka 1999, wakaonyesha kwamba huweza kutokea pamoja na El Niño ya Bahari ya Pasifiki, kama mwaka 1997, au kutokea peke yake, kama mwaka 1961. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba mvua hizo kubwa aghalabu ni za vuli, si za masika. Tutaona baadaye kwa nini jambo hili ni baya kwa Malindi.

Mto wenye majina matatu

Huko juu, katika miinuko ya Kikuyu, Ngong na Ukamba, mto huu huitwa Athi. Ukiisha kukutana na Mto Tsavo, unaoleta maji ya upande wa Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana; urefu wake ni kadiri ya kilomita 390, na nchi inayomwaga maji yake humo ni karibu kilomita za mraba 70,000, yaani kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mto Nairobi nao huingia katika Athi, hata maji ya mvua yaliyoanguka juu ya mabati ya jiji hilo hupita chini ya daraja la Sabaki kabla ya kuingia baharini.

Katika safari hiyo yote mto huchukua kila kitu unachopewa. Mvua ikianguka juu ya msitu, matone huvunjwa nguvu na majani, hudondoka polepole juu ya takataka za miti, na sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Mvua iyo hiyo ikianguka juu ya ardhi tupu, kila tone hupiga udongo kama nyundo ndogo. Vumbi hutawanyika, vitundu vya ardhi huziba, na maji yasiyo na pa kuingia hukimbia juu ya nchi yakichukua udongo mzuri wa juu. Hatari kubwa kupita zote ni mvua kali inayofuata ukame mrefu, kwa kuwa mifugo imekwisha kula nyasi zote na ardhi haina nguo.

Wasomaji walio waalimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi wao yanayotukia mto unapofika baharini. Chukua bilauri mbili za kioo na utie maji yasiyo na chumvi ndani ya zote mbili. Koroga kijiko kimoja cha udongo mwekundu wa mfinyanzi katika kila moja, kisha tia kijiko cha chumvi katika bilauri moja tu, koroga tena, na uziache. Baada ya saa chache utaona yale maji ya chumvi yameanza kutakata na udongo umelala chini kama uji mzito. Yale matamu bado ni mekundu. Sababu ni hii: chembe za udongo wa mfinyanzi husukumana katika maji matamu, lakini chumvi huondoa kule kusukumana, zikashikana, zikawa vibonge, zikazama. Hivyo ndivyo ilivyo kila siku katika mlango wa Sabaki. Mchanga huanguka kwanza, kwa kuwa ni mzito. Tope hushikana na kuzama mbele kidogo. Chembe nyembamba kupita zote huelea na kuchukuliwa mbali na mkondo.

Na mkondo huenda wapi? Hapa turudi kwenye pepo. Mafuriko ya masika hufika Aprili na Mei, wakati kusi imekwisha kuanza. Upepo na mawimbi huyasukuma maji mekundu kwenda kaskazini, kupita Mambrui na Ngomeni hata Ghuba ya Ungwana. Lakini mafuriko ya vuli hufika Novemba na Desemba, wakati kaskazi inapoanza kuvuma, na maji yale yale hugeuzwa yakaja kusini, ndani ya Ghuba ya Malindi. Mwaka wa mvua nyingi hufika hata kwenye matumbawe yaliyo kusini ya rasi. Basi tazama jinsi mambo yalivyokutana. Mvua kubwa kupita kiasi ni za vuli. Upepo wa vuli ndio unaoelekea Malindi. Na kaskazi ndiyo msimu ambao bahari hutulia na mvuvi mwenye dau au ngalawa hutumaini kupata riziki ya mwaka.

Tumbawe lililoandika habari

Mtu aweza kusema kwamba mto umekuwa ukileta tope tangu dunia kuumbwa, na kwamba wazee waliona mambo haya haya. Ni neno la haki, na kwa kumbukumbu za watu peke yake lisingeweza kujibiwa, maana hakuna aliyeupima mto huu katika karne ya kumi na nane. Lakini yupo aliyekuwapo siku zote hizo.

Matumbawe ni makao ya wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba zao kwa chokaa ya bahari. Aina moja hujenga mabonge makubwa ya mviringo, na kila mwaka huongeza tabaka jembamba, kama mti unavyoongeza pete. Zaidi ya hayo, udongo wa mto hubeba madini iitwayo bariamu. Udongo ukikutana na chumvi, bariamu huachiliwa ndani ya maji, na tumbawe linapojenga huichukua pamoja na chokaa. Mwaka wenye tope jingi tabaka huwa na bariamu nyingi. Mwaka wenye tope kidogo huwa nayo kidogo. Wataalamu walitoboa bonge moja la namna hiyo katika hifadhi ya bahari ya Malindi, wakatoa kipande kirefu kama fimbo, wakasoma tabaka zake za miaka mia tatu. Habari zao zilichapishwa mwaka 2007.

Waliyoyaona ni haya. Tangu mwaka 1700 hata 1900 kiasi cha tope kilikuwa karibu sawasawa. Ukame ulikuja na kwenda, mafuriko yalikuja na kwenda, na tumbawe halikuonyesha badiliko kubwa. Tangu mwaka 1906 hivi kiasi hicho kilianza kupanda, na hakikuacha kupanda. Kati ya 1974 na 1980 kilifika kilele, mara tano hata mara kumi ya kile cha asili. Sababu walizozitaja ni wingi wa watu, matumizi ya ardhi yasiyo na utaratibu, kukatwa kwa misitu, na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970. Pepo hazikuongezeka mara kumi, wala mvua hazikuongezeka mara kumi. Kilichobadilika ni nchi inayopokea mvua hiyo.

Kosa la nani?

Ni rahisi kwa mtu wa pwani kuwalaumu watu wa bara, na wengi hufanya hivyo. Lakini mwaka 1906 watufundisha kupima maneno kabla ya kuyasema. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899. Baadaye nchi nzuri ya miinuko ilikatwa kuwa mashamba ya walowezi, na wenyeji wakafungiwa katika maeneo yao pamoja na watoto wao na mifugo yao. Zamani Mkamba aliyeona malisho yamechoka alihama. Sasa hakuwa na pa kuhamia. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechimbika makorongo, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 umati wa Wakamba ulikwenda Nairobi kupinga amri hiyo, ukiongozwa na Muindi Mbingu. Ng'ombe walirudishwa, yeye mwenyewe alihamishiwa Lamu.

Matuta ya kuzuia maji yaliyochimbwa kwa amri katika miaka iliyofuata hayakupendwa, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mengi yaliachwa. Lakini baadaye watu wale wale waliyarudia kwa hiari yao, kwa vyama vya kusaidiana viitwavyo mwethya, na kwa namna waliyoiona kuwa nzuri zaidi. Namna hiyo ndiyo fanya juu, na jina lake la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia. Mkulima huchimba mtaro wa kukingama mteremko, lakini udongo hautupi chini, huutupa upande wa juu wa mtaro. Hapo hufanyika tuta, na juu ya tuta hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe. Maji yakija hupungua mwendo nyuma ya tuta, huacha udongo wake, na baada ya misimu kadhaa shamba la mteremko hujisawazisha lenyewe likawa kama ngazi. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 kilionyesha kwamba katika Machakos watu waliongezeka sana tangu miaka ya 1930 na hata hivyo mmomonyoko ulipungua. Nadhani hakuna habari iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu wa Malindi, ingawa wachache wa Malindi wameisikia.

Haidhuru, kazi haijaisha. Eneo la mto ni kubwa kuliko Machakos, na nchi kavu za chini ya Ukamba, penye mifugo mingi na ukataji wa miti ya makaa, hazikupata matuta kama yale ya vilimani. Kadhalika uchimbaji wa mchanga wa kujengea nyumba umefungua kingo za vijito vingi; kaunti ya Makueni ilitunga sheria juu ya mchanga mwaka 2015. Wala sisi wa pwani hatuna mikono safi. Mikoko iliyokatwa kwa ajili ya boriti na kuni ingalishika tope lisisambae, na miti ya Arabuko-Sokoke iliyogeuzwa makaa haikukatwa na watu wa Machakos.

Hasara na faida

Tumbawe huishi kwa mwanga wa jua, kwa sababu ndani ya mwili wake mna mimea midogo sana inayolilisha. Tope likitanda juu ya maji, mwanga hupungua. Likianguka juu ya tumbawe, hulifunika. Tumbawe lina njia ya kujisafisha, lakini kazi hiyo hulichosha, na lililochoka halizai wala halikui vema. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu, ambayo yamelindwa tangu mwaka 1968, iligeuka nyeupe ikafa. Joto hilo halikuletwa na Sabaki, na hakuna tuta la Ukamba lingeliweza kulizuia. Lakini mwamba uliokufa hupona ikiwa matumbawe machanga yanapata mahali safi pa kushika. Juu ya tope hayashiki. Samaki wa mwambani, kama changu, pono na tafi, hupungua pamoja na makao yao.

Hata hivyo ingekuwa si haki kusema kwamba mto huleta madhara tu. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hustawi katika maji yaliyorutubishwa na mito. Matuta meupe ya mchanga yaliyo kati ya Sabaki na Mambrui yamejengwa na mto na kupangwa na pepo. Maji ya bomba wanayoyanywa watu wa Malindi na Kilifi, na sehemu ya yale ya Mombasa, huvutwa Baricho kutoka visima vilivyo kando ya mto, na mchanga wa mto ndio chujio lake. Ufuo wa Malindi nao umesogea kuelekea baharini, hata nyumba za wageni zilizokuwa ukingoni mwa maji sasa zimetengwa na bahari kwa uwanda mpana wa mchanga. Wenye hoteli hulalamika kwamba mchanga huo una rangi mbaya, lakini bahari inayopanda hukutana na mchanga huo kabla ya kufika kwenye misingi ya nyumba zao.

Kwa ajili hiyo inafaa kuangalia kwa makini bwawa la Thwake, katika Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Bwawa huzuia maji, na katika maji yaliyotulia udongo huzama, kama tulivyoona katika bilauri. Masinga, bwawa kubwa la Mto Tana lililomalizika mwaka 1981, limekuwa likishika tope ambalo zamani lilifika kwenye delta. Athi nayo ikishikwa Thwake, sehemu ya udongo wa Ukamba haitafika Malindi. Matumbawe yatapata maji safi zaidi, na ufuo utapata mchanga kidogo. Nguzo ya Vasco da Gama, ambayo rasi yake imekwisha kuliwa na mawimbi hata ikabidi msingi wake uimarishwe, imejengwa upande ule ule ambao mchanga wa kaskazi hupita.